MGOMBEA ANAPOOMBA MALI KWA DENI

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei ya gunia la mahindi, thamani ya dola na matokeo ya mnada wa hati za Hazina. Leo tunayaweka hayo kando kidogo. Kuna bidhaa nyingine iliyoingia sokoni mapema kuliko desturi yake, nayo ni mgombea urais. Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Agosti 10, 2027, lakini hata kabla ya kipenga kupulizwa, misafara ya magari imeshaziba barabara siku za Jumapili, na wafanyabiashara wanaulizana: huyu ni mtu wa namna gani, na yule akiingia itakuwaje?

Niseme mapema kwamba ukurasa huu haumpigii mtu debe. Mwandishi ana kura moja kama wewe, na ataipeleka kituoni bila kumwambia hata mhariri wake. Tunachotaka kuzungumza ni jinsi mtu wa duka, mtu wa stoo, au mwenye hisa zake mia tano anavyoweza kumpima mgombea kwa mizani anayoijua yeye mwenyewe, badala ya ile anayoazimwa na jukwaa.

Nianze na kisa changu, ingawa hakinipi sifa. Mwaka 2013 nilikuwa na karakana ndogo ya kuchapisha fulana na kofia, si mbali na River Road jijini Nairobi. Wiki chache kabla ya kura ya Machi 4 aliingia kijana wa mgombea mmoja wa ubunge (jina na chama nayaacha) akaagiza fulana 3,000 kwa Sh 180 kila moja. Jumla Sh 540,000. Aliweka mezani Sh 150,000, na zilizobaki zingelipwa mali ikifika. Mali ikafika, hati ya kupokea mali ikatiwa saini, pesa hazikuja. Nilipopiga simu niliambiwa mheshimiwa yuko mashinani. Baada ya kura nikaambiwa mheshimiwa anaapishwa. Baadaye mheshimiwa yuko kwenye kamati. Maana alishinda, tena kwa kura nyingi, wafuasi wake wakiwa wamevaa fulana zangu. Hati ile ningali nayo ndani ya sanduku, na miezi michache baada ya kuapishwa nilimsikia redioni akieleza kwa uchungu jinsi wafanyabiashara wadogo wanavyonyanyaswa na watu wasiolipa madeni.

Kosa lilikuwa langu. Mteja wa kawaida akija kuomba mali kwa deni, mimi humwuliza mambo ambayo kila muuza duka huuliza. Mara ya mwisho ulipokopa, ulilipaje? Hizo pesa za kunilipa zitatoka wapi? Na mambo yakikuharibikia, nitakupata wapi? Yule kijana sikumwuliza hata moja, kwa sababu bosi wake alikuwa mtu mkubwa na hotuba zake zilikuwa zimenikuna.

Sasa nimtazame mgombea urais kwa jicho hilohilo. Anaposimama juu ya gari na kusema kila mama atapata kiasi fulani, kila kijana mtaji, kila mkulima mbolea, anaandika hundi. Hundi si kitu kibaya. Biashara yote inaendeshwa kwa hundi. Ila hii imeandikwa juu ya akaunti ya umma, na anayeweka pesa kwenye akaunti hiyo ni wewe, kwa kodi unayolipa, kwa riba unayotozwa, na kwa shilingi yako inayopungua uzito ikiwa mfukoni.

Wenzetu wenye umri wataukumbuka mwaka 1992. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, KANU ilikuwa na hofu, na pesa zilimwagwa kama mahindi yaliyopasukiwa na gunia. Kundi la vijana wa KANU lililojulikana kama YK'92, chini ya Cyrus Jirongo, lilizunguka nchi nzima likigawa noti, hata noti ya Sh 500 ikabatizwa mtaani jina la "Jirongo". Wakati huohuo Hazina ilikuwa ikilipa fidia ya mauzo ya nje kwa dhahabu na almasi katika kashfa ya Goldenberg, na almasi nchi hii haichimbi. Siku ya kura ilikuwa Desemba 29, 1992. Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura, kwa kuwa Matiba, Kibaki na Oginga Odinga waligawana zilizobaki.

Hesabu ililetwa mwaka uliofuata. Mfumuko wa bei wa mwaka 1993 ulikaribia asilimia 46. Dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa wastani wa Sh 32 mwaka 1992 ilifika wastani wa Sh 58 mwaka 1993. Ili kuzinyonya pesa zilizomwagwa, Benki Kuu ilipandisha riba ya hati za Hazina za siku 91 hadi zaidi ya asilimia 70. Benki kadhaa zilifungwa. Aliyekuwa na pesa taslimu akaziweka kwenye hati za Hazina alipata faida ambayo hajaiona tena maishani mwake. Aliyekuwa na mkopo wa duka aliuza gari, kisha duka, na wengine shamba. Mtu aliyepokea noti mbili za Jirongo mkutanoni alizirudisha zote kwenye sukari na mafuta ya taa kabla ya Pasaka.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye duka kuhusu mgombea aliye madarakani halihusu anayoyasema. Ni hili: katika miezi 12 kabla ya kura, pesa zinatoka serikalini kwa kasi gani, na zinatoka wapi? Mwenye cheo anaweza kuhutubia kuhusu nidhamu ya matumizi asubuhi na jioni akaahidi nyongeza ya mishahara. Mwaka 1997, walimu walipogoma wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali iliwakubalia nyongeza kubwa ya kulipwa kwa awamu za miaka 5. Awamu ya kwanza ililipwa, kura zikapigwa, na mwaka 1998 walimu wakaambiwa hakuna pesa, wakarudi kwenye mgomo. Siwalaumu walimu. Hundi yao ilirudi kama yangu ya fulana, tofauti ni kwamba wao walikuwa na chama cha kuwapigania.

Wako waliolipa. Mwaka 2002 Mwai Kibaki na muungano wa NARC waliahidi elimu ya msingi bila karo. Januari 2003 milango ilifunguliwa, na zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nje waliingia darasani. Madawati hayakutosha na vumbi lilikuwa jingi, lakini ahadi ililipwa, tena haraka. Aliyetaka kumpima Kibaki kabla ya kura hakuhitaji kusikiliza hotuba, na kwa kweli hotuba zake zilikuwa za kusinzia. Baada ya ajali ya barabarani ya mwishoni mwa kampeni zile hata kuhutubia alihutubia kidogo. Rekodi yake ilikuwepo: zaidi ya miaka 10 kama Waziri wa Fedha, kila bajeti ikiwa imechapishwa, kila kosa likiwa limeandikwa. Soko lilimsoma vizuri. Kiashiria cha hisa 20 cha Soko la Hisa la Nairobi, kilichokuwa kimelala kwenye pointi 1,000 na ushei katikati ya mwaka 2002, kilifunga mwaka 2003 kikiwa juu ya 2,700. Riba ya hati za Hazina ilishuka chini ya asilimia 2, na benki zikaanza kuwatafuta wateja wadogo ambao zamani ziliwafukuza mlangoni.

Lakini huyohuyo aliahidi ajira 500,000 kila mwaka, na kashfa ya Anglo Leasing ililipuka ndani ya serikali yake kabla hajamaliza miaka 2. Mteja anaweza kuwa mlipaji mzuri wa sukari na mlipaji mbaya wa saruji. Daftari la madeni lina mistari mingi, na ni vyema kuisoma yote badala ya kuangalia jumla peke yake.

Sasa nifike kwenye sheria ya riba ya 2016, kwa sababu hapo ndipo wafanyabiashara wengi, na mimi nikiwa mstari wa mbele, tulipojidanganya wenyewe. Tulikuwa tumechoka. Mikopo ilikuwa asilimia 18, 20, hata zaidi, huku benki zikitangaza faida za kutisha kila mwaka. Mbunge akaleta mswada wa kuweka kikomo cha riba kisizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wabunge wa pande zote waliushangilia. Uchaguzi ulikuwa umebakiza mwaka mmoja. Benki Kuu na Wizara ya Fedha zilionya kwamba wakopaji wadogo ndio watakaoumia. Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Agosti 24, 2016. Siku hiyo mimi nilimnunulia kila mtu karakanani soda. Kesho yake bei za hisa za benki zilianguka, na nikasema vizuri, nao waonje.

Hesabu ya jambo lile haikuwa ngumu, na ninaona haya kwamba sikuifanya. Benki ikiruhusiwa kunitoza asilimia 14 tu, na serikali ikikopa kwa asilimia 10 au zaidi bila hatari yoyote ya kukimbia, kwa nini benki inikopeshe mimi mwenye mashine mbili za kuchapisha na mdaiwa mmoja bungeni? Mwanzoni mwa mwaka 2017 nilipokea barua fupi kutoka kwa benki yangu. Ovadrafti yangu ya Sh 800,000, niliyokuwa nayo kwa miaka 6 bila kuchelewa hata mara moja, haingefanywa upya. Sababu hazikuelezwa. Nilikwenda kumwona meneja, mtu mwungwana tuliyezoeana, akanikaribisha chai na kuniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, kwa bei hii wewe hulipi gharama zako."

Sikuwa peke yangu. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, ambao miaka michache kabla ulikuwa wa tarakimu mbili, ulishuka mwaka 2017 hadi karibu asilimia 2. Watu wa kawaida walikimbilia mikopo ya simu, ambako ada ya asilimia 7 na zaidi kwa mwezi ilikuwa jambo la kawaida. Piga hesabu: sheria ilitulinda dhidi ya asilimia 18 kwa mwaka, nasi tukaishia kulipa asilimia 7 kwa mwezi. Nilinunua vitambaa kwa pesa za simu msimu mzima wa kampeni za 2017, nikauza fulana nyingi kuliko mwaka wowote, na mwisho wa mwaka nikawa na deni. Kikomo kilifutwa Novemba 2019. Karakana niliifunga kabla ya hapo, na ndiyo maana leo unanisoma hapa badala ya kunikuta nikikata vitambaa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyenidanganya. Jambo lile lilikuwa wazi kwa yeyote aliyeuliza nani atalipa tofauti ya bei. Mimi nilimpima mwanasiasa kwa kuangalia ni nani anamkasirisha, na kwa kuwa aliwakasirisha mabenki nikamwona rafiki. Nimeanza kuhofia kwamba hicho ndicho kipimo tunachotumia zaidi kuliko vyote. Huyu anawachukia matajiri, basi ni wetu. Yule anawatisha Wachina wa Kamukunji, basi ni wetu. Mwingine anawakaripia watu wa kodi hadharani, makofi! Adui wa adui yako anaweza kabisa kuwa mdaiwa wako.

Unga wenyewe una hadithi fupi. Mei 2017 pakiti ya kilo 2 iliwekewa ruzuku ikauzwa Sh 90. Julai 20, 2022, siku 20 kabla ya kura, serikali ilitangaza pakiti hiyohiyo iuzwe Sh 100, wakati dukani ilikuwa imepita Sh 200. Kila mwenye duka anakumbuka yaliyofuata: wateja wakaja na gazeti mkononi wakidai unga wa mia, rafu zikiwa tupu, na aliyekuwa na akiba aliyoinunua kwa bei ya zamani akaitwa mlanguzi. Wasagaji walibaki wakiidai serikali pesa zao baada ya mpango kuisha. Ruzuku ya wiki 4 iliyoanza siku 20 kabla ya kura si sera ya chakula, iwe inatoka upande gani.

Kampeni ya 2022 yenyewe ilikuwa ya kiuchumi kuliko zote nilizoziona, na kwa hilo pande zote mbili zinastahili shukrani. Azimio ya Raila Odinga iliahidi Sh 6,000 kwa mwezi kwa familia maskini. Ukichukua familia milioni 2, hiyo ni Sh bilioni 12 kwa mwezi, Sh bilioni 144 kwa mwaka. Mamlaka ya Mapato ilikusanya takriban Sh trilioni 2 katika mwaka wa fedha wa 2021/22, kwa hiyo ahadi moja ingemeza kama asilimia 7 ya makusanyo yote. Inawezekana? Labda, lakini kitu fulani kingepunguzwa, na hicho kitu hakikutajwa kwenye mabango. William Ruto kwa upande wake aliahidi mfuko wa Sh bilioni 50 kwa mahasla na akasema wazi kwamba atatoa ruzuku kwa mzalishaji, si kwa mlaji. Hilo alilitimiza upesi. Septemba 2022 ruzuku ya petroli iliondolewa na bei ya Nairobi ikaruka kutoka Sh 159.12 hadi Sh 179.30 kwa lita, huku gunia la mbolea la kilo 50 likishushwa hadi Sh 3,500 na baadaye Sh 2,500. Mfuko wa Hasla ulizinduliwa Novemba 30, 2022, mikopo ikianzia Sh 500 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. (Sh 500 hainunui beli moja ya unga, lakini tusiwe wachoyo wa sifa, riba ile ilikuwa nafuu kuliko ya programu za simu.)

Nani angelipa? Hilo ndilo ambalo binafsi sikulisikia jukwaani. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, ikaleta ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara, na, hili litazame vizuri ewe mwenye duka, ikapandisha kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Chukua duka linalouza Sh 20,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Mauzo ni Sh milioni 6. Kodi iliyokuwa Sh 60,000 imekuwa Sh 180,000. Na hii inatozwa juu ya mauzo, si juu ya faida, kwa hiyo anayeuza sukari na unga kwa faida ya shilingi 4 katika kila mia anabaki na shilingi moja kabla hajalipa kodi ya nyumba na mshahara wa kijana wa dukani. Septemba 2023 petroli ilivuka Sh 200 kwa lita. Dola iliyokuwa karibu Sh 120 wakati wa uchaguzi ilipita Sh 160 Januari 2024, kabla shilingi haijajirudi mwezi uliofuata baada ya serikali kupata pesa za kununua upya sehemu ya deni la nje la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Bondi ya miundombinu ya Februari 2024 ilitolewa kwa riba ya zaidi ya asilimia 18. Aliyekuwa na akiba alivuna, aliyekuwa na mkopo alilia, sawasawa na 1993 ingawa kwa kipimo kidogo. Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024, vijana wakaingia bungeni Juni 25, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini.

Wapo watakaosema kodi zile zililazimishwa na madeni yaliyoachwa na waliotangulia. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini Ruto alikuwa Naibu Rais kwa zaidi ya miaka 9 na mshindani wake alikuwa ameungwa mkono na Rais aliyekuwa anaondoka. Hakuna kati yao aliyeweza kudai hakujua daftari linasemaje. Mteja anayejua ana madeni kwingine na akakuficha, huyo si mteja uliyemwelewa vibaya.

Linabaki swali la mwisho la muuza duka: mambo yakikuharibikia, nitakupata wapi? Kwa mgombea maana yake ni moja: akishindwa, atakwenda wapi? Watu hulichukulia hili kama jambo la wanasheria, kumbe ndilo lenye bei kubwa kuliko ahadi zote. Baada ya kura ya Desemba 27, 2007, aliyetangazwa mshindi aliapishwa jioni ya siku ya kutangazwa, na walioshindwa walisema hawana imani na mahakama, na walikuwa na sababu zao. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Januari 2008 reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama njiani, na mafuta yakaadimika hadi Kampala. Ukuaji wa uchumi uliokuwa karibu asilimia 7 mwaka 2007 ulishuka chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Ninajua maduka ya Eldoret na Kisumu ambayo hayakufunguliwa tena na wenyewe, na hakuna bima iliyolipa.

Baada ya Katiba ya 2010 kuna Mahakama ya Juu na siku 14 za kuamua. Mwaka 2013 iliamua, walioshindwa wakakubali. Septemba 1, 2017 ilifuta uchaguzi wa urais, bei za hisa zikaporomoka hata biashara ikasimamishwa kwa muda mfupi, na mwekezaji mdogo aliyeuza kwa hofu asubuhi ile alijuta baadaye. Mwaka 2022 Raila Odinga alisema anaheshimu uamuzi ingawa haukubali kabisa. Hata hivyo, Machi 2023 maandamano yalianza, na wafanyabiashara wa katikati ya jiji waliyalipia kwa kufunga milango siku za Jumatatu. Kwa hiyo mgombea anapofika kwenye mkutano wa wafanyabiashara wenu, kabla ya kumwuliza kuhusu leseni na askari wa jiji, mwulizeni hili kwa sauti, na mwulizeni mbele ya waandishi. Mwulizeni na aliye madarakani atafanya nini mahakama ikimkataa. Mkiona anageuza maneno, mmeshajibiwa.

Kuhusu karatasi za kusoma, si lazima uwe mtaalamu. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufikishwa bungeni kufikia Februari 15 kila mwaka. Ile ya 2027 itakuwa ya mwisho kabla ya kura na itaonyesha nakisi serikali inayokusudia, haijalishi jukwaani inaimbwa nini. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zipo kwa kila wizara na kila kaunti, na wagombea wengi wa urais wameshapita kwenye moja ya ofisi hizo. Tafuta humo madeni ambayo hayajalipwa kwa watu waliouza mali na huduma. Gavana aliyeacha wakandarasi na akina mama wa vyakula vya shule wakidai kwa miaka mingi, akija kukuambia atafufua biashara ndogo, unajua tayari anavyolipa. Kwa mbunge, tazama alivyopiga kura siku ya Mswada wa Fedha, siyo alivyozungumza kwenye mazishi Jumamosi iliyofuata.

Mimi mwenyewe, kwa anayetaka kujua, nimeshapanga. Kuanzia Mei 2027 akiba yangu ndogo itakaa kwenye hati za Hazina za siku 91, si bondi za miaka 15, ili riba ikipanda baada ya kura niwe na pesa mkononi. Sitachukua mkopo wa riba inayobadilika mwaka huo. Shemeji yangu ndiye anayeendesha mashine zangu za zamani sasa, huko Gikomba, na tayari amefuatwa na kijana mmoja mwenye orodha ndefu ya kofia na fulana za rangi ya chama. Alinipigia kuniuliza ushauri. Nilimwambia apige picha ya ile hati yangu ya 2013 aibandike ukutani juu ya meza ya kupokelea oda, na chini yake aandike bei, na neno "taslimu".